Saratani ya matiti: mshono wa chembe na safari ya kutoka Kilindoni

Mwanamke wa Mafia akigundua kitu titini, swali la kwanza ni "Je, ni saratani?" La pili, ambalo wengi huogopa kulitamka, ni "Nitapona?" Sehemu ya jibu la swali hili la pili imo katika namna chembe za mwili zinavyoshikana.

Chukua mkeka. Ukili hushonwa na ukili mwenzake, na bila mshono hakuna mkeka. Chembe za titi nazo zimeshikizwa, na mojawapo ya nyuzi zake ni protini iitwayo kadherini E. Uzi huo ukilegea, chembe ya saratani huchomoka kwa urahisi zaidi, ikaingia kwenye damu au tezi za kwapani na kuota kwenye mfupa, ini au mapafu. Kusambaa huko ndiko kunakoua.

Iko saratani ya titi ambayo uzi huu kwa kawaida hupotea mapema. Ni kati ya 10 na 15 katika kila saratani 100 za matiti. Chembe zake hupangana moja moja, kama siafu njiani. Mara nyingi haifanyi donge. Sehemu ya titi hukakamaa tu, na hata picha ya mamografia huweza kuikosa. Basi ule ushauri tuliouzoea wa kutafuta donge hautoshi. Ngozi iliyobonyea au chuchu iliyoingia ndani ghafla ni sababu ya kwenda hospitali, hata kama hakuna maumivu.

Uzi ukipotea si kwamba mgonjwa amekwisha. Saratani ya aina hii mara nyingi hulishwa na homoni ya estrojeni, na vidonge vya tamoksifeni huizuia. Ndiyo maana madaktari, kabla ya kuuliza habari za kadherini, huangalia ugonjwa umefika hatua gani, tezi za kwapani zikoje, na chembe zina vipokezi vya homoni au vya HER2.

Hapo ndipo bahari inapoingia. Kipande cha nyama kinachochukuliwa titini huwekwa kwenye formalini, na kwa kipimo cha vipokezi kinatakiwa kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kikichukuliwa kisiwani wakati kusi imechafua bahari, boti ya Nyamisati haiondoki, na saa zinakwenda. Kipande kilichoharibika kinaweza kuonyesha kuwa hakuna vipokezi kumbe vipo, na mgonjwa akakosa vidonge ambavyo vingemfaa.

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kuwa mgonjwa ajue ana nini ndani ya siku 60 tangu alipofika kituoni. Tanzania, wengi hugunduliwa katika hatua ya 3 au ya 4. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, lakini bima hata ikilipia kipimo, nauli ya boti na malazi ya Dar es Salaam karibu na Ocean Road au Muhimbili hubaki mfukoni mwa familia. Kwa maoni yetu, kisiwani mzigo huo ni mzito kuliko ukosefu wa kipimo chochote kipya.

Ukichukuliwa kipande, dada au mama, uliza: kinapelekwa wapi, kinaondoka lini, na majibu yatapigiwa simu ya nani?