Ramani za Miamba Zisifungiwe Kabatini

Wapo watu Ulaya wanaokusanya ramani za kale za jiolojia, hasa zile za kaunti za Uingereza ambazo William Smith alianza kuzichapisha mwaka 1819. Smith, mtoto wa mhunzi, alijifunza tabaka za miamba akipima mifereji ya kusafirishia makaa ya mawe. Mwaka huohuo wa 1819 alifungwa London kwa sababu ya madeni. Leo karatasi zake ni ghali kwa kuwa zimebaki chache.

Hatuwalaumu wakusanyaji, wamezihifadhi zisioze. Lakini kwetu sisi tuliokulia Turwa, ramani ya miamba kuwa adimu si fahari, ni hasara. Dhahabu ya Nyamongo imo katika miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Watafiti wa madini huanza kazi wakiwa na ramani mkononi. Mwenye shamba huanza na uvumi.

Wapo watakaosema kwamba kumwonyesha mwananchi ramani ni kumchochea achimbe ovyo. Tunajibu: wanaochimba tayari wanachimba, tena wengine kwa kubahatisha, wakihatarisha maisha. Sheria yetu inasema madini ni mali ya umma, kwa hiyo ramani haimpi mtu umiliki. Inampa uwezo wa kuuliza swali la maana kwenye mkutano wa kijiji kabla ya kutia sahihi. Tena ramani hiyohiyo husaidia kutafuta maji: kwenye matale, maji hukaa katika nyufa na udongo uliolika juu ya mwamba, si popote.

Kanisa si mgeni katika elimu hii. Mwenyeheri Nicolas Steno aliandika mwaka 1669 jinsi tabaka zinavyolala moja juu ya nyingine, na baadaye akawa padre na askofu. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1988.

Basi tunapendekeza maktaba za seminari na shule zetu za Mara ziombe nakala za ramani za mkoa kutoka Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma. Zitundikwe ukutani, na anayejua kuzisoma awafundishe wengine, kuanzia na wazazi wetu wenye mashamba.