Aliyewaandika Wageni wa Mjini
Wahenga walinena: mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Oscar Handlin, mwanahistoria wa Marekani aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1915, alikuwa mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi. Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1941, kilihusu mji wa Boston. Kwa kuchambua hesabu za watu na magazeti ya kale, alionyesha jinsi watu wa Ayalandi waliokimbia njaa ya miaka ya 1840 walivyosongamana katika vyumba vya chini ya ardhi, wakafanya vibarua vya ujira mdogo, na juu ya hayo wakachukiwa na wenyeji. Baadaye alipinga sheria iliyowapimia wahamiaji nafasi kwa nchi walikotoka. Bunge likaifuta mwaka 1965. Handlin alifariki mwaka 2011. Fundisho lafaa kila mji: kabla mgeni hajalaumiwa, na iulizwe kwanza analala wapi na anakula nini.