Vidonge kwenye mkoba wa mama kijacho

Kama unaishi Mbeya au Iringa unajua Juni na Julai zinavyotufanya: sweta mpaka kitandani, na ofisi nzima inakohoa. Leo nina kisa cha marafiki zangu wawili, wameniruhusu nikusimulie bila majina.

Mume kazi yake iko Mbeya, mke yuko Iringa na ujauzito wa miezi sita. Jumamosi moja jamaa kashuka basi, kamkuta mwenzake kalala, homa juu, mwili wote unauma. Akafungua mkoba wake kutafuta chenji ya bajaji, akakutana na pakiti ya vidonge asivyovijua. Akaingia Google: “Dawa ya kupambana na virusi.” Weee! Huku kwetu ukisema dawa ya virusi, watu wanawaza ARV tu. Jamaa hakuuliza kitu. Alinuna siku mbili, akalala sebuleni, na mkewe akadhani anakwepa mafua!

Kumbe ni oseltamivir, ile Tamiflu iliyopata umaarufu mwaka 2009 wakati wa mafua ya nguruwe. Haitibu Ukimwi, na ARV nazo hazitibu mafua. Kazi yake ni kuvizuia virusi vya influenza vilivyozaliana ndani ya seli visitoke kushambulia nyingine, ndiyo maana inafaa kuiwahi ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Kwa kawaida mtu mzima anameza miligramu 75 mara mbili kwa siku, kwa siku tano.

Sasa wewe mwenye afya yako usikimbilie duka la dawa. Itakupunguzia kama siku moja tu ya kuumwa, na pengine kichefuchefu juu. Pumzika, kunywa maji, meza paracetamol. Na ile amoksilini tunayopenda kuinunua kwa “nipe dozi ya mafua” haiui kirusi hata kimoja. Hii ya kuandikiwa na daktari inawahusu zaidi wajawazito, wazee, watoto wadogo, wenye pumu, kisukari au kinga iliyoshuka, maana kwao mafua hugeuka nimonia kirahisi. Shemeji yangu alianza homa Alhamisi usiku, Ijumaa akawa hospitali. Wakampima malaria kwanza, kwa vile homa hizi zinafanana, ndipo akaandikiwa. Lakini ukiona mtu anapumua kwa shida, kifua kinambana, au homa imeshuka halafu imerudi kwa nguvu, usihesabu saa. Mpeleke hospitali.

Jumatatu alfajiri jamaa anafunga begi, uzalendo ukamshinda.

“Umeanza lini kumeza hivyo vidonge?”

“Ijumaa jioni. Vimebaki vitano. Kwani ulidhani ni vya maisha?”

Basi la kwanza la Mbeya likamwacha. La pili pia.