Kijana ana ujuzi, kikundi kina cheti: nani atajenga mifumo ya mtandaoni ya vijijini?

Olmotonyi, chini ya Mlima Meru upande wa Ngaramtoni, haiko mbali na elimu. Chuo cha Misitu kiko papo hapo, Chuo cha Ufundi Arusha kiko mjini, na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iko Tengeru. Hata hivyo, mfumo wa simu wa kutunza hesabu za vicoba au kupokea oda za viazi mara nyingi hutengenezwa mbali, na mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye kikao cha kikundi cha kijiji. Kwa nini kijana wa jirani asiujenge yeye?

Kwanza tuelewane. Mfumo wa mtandaoni ni programu inayofunguka kama ukurasa wa intaneti. Huipakui, haijazi simu yako, na mtengenezaji akirekebisha kosa, watumiaji wote wanapata marekebisho bila kufanya lolote. Teknolojia yenyewe ni ya bure: tarehe 30 Aprili 1993, kituo cha utafiti cha CERN kule Uswisi kiliiachia dunia nzima iitumie bila malipo. Lugha nyingi za kuandikia programu nazo ni za bure. Kijana anahitaji kompyuta, bando, umeme na muda wa kujifunza. Hayo si madogo, lakini yanawezekana.

Wepesi wa kuanza unaweza kuzaa nini? Tutazame Kenya. Januari 2008, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao walijenga Ushahidi, mfumo wa kupokea taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Iliwachukua siku chache tu. Kisha wakaitoa programu yao bure, na mwaka 2010 ikatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Mwaka huohuo walileta Crowdmap, iliyomwezesha mtu kufungua ramani yake bila kufunga seva wala kuandika programu. Kila walipopunguza hatua za mwanzo, watu wengi zaidi waliweza kuanza.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye pesa. Mfumo wa kikundi usioweza kupokea hisa na marejesho kwa simu ni daftari tu. Ili uunganishwe na pesa za simu, kampuni ya simu lazima ifungue lango ambalo mifumo miwili huzungumza kupitia hapo. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, lakini mwaka 2017 ndipo Safaricom ilipozindua lango liitwalo Daraja. Hapo mtengenezaji anajiandikisha mwenyewe mtandaoni, anapewa uwanja wa majaribio wenye pesa za kuigiza, na anaweza kukosea bila kumpotezea mtu shilingi. Akiwa tayari kupokea pesa halisi, ndipo anatakiwa kuwa na namba ya malipo ya biashara.

Hapa Tanzania milango ya aina hiyo ipo pia, kwa kampuni za simu na kampuni za malipo. Serikali nayo imeonyesha faida ya lango moja la pamoja. Ile kontroo namba unayopewa ukilipia huduma za umma inatoka kwenye mfumo mmoja wa malipo ya Serikali ulioanza mwaka 2017. Taasisi ya umma hailazimiki tena kujijengea njia yake ya malipo kuanzia mwanzo.

Kijana wa kijijini hukwama kati ya majaribio na pesa halisi. Hapo anadaiwa nyaraka: usajili wa biashara, namba ya mlipakodi, akaunti. Hatusemi masharti hayo yafutwe, kwa sababu yanamlinda mwananchi dhidi ya matapeli. Lakini yanamtaka mtu awe na biashara kabla hajajua kama wazo lake litafaa.

Sisi tunaona njia ambayo haihitaji kusubiri mtu wa mjini. Kikundi kina kile ambacho kijana hana. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi vya kuweka na kukopa visajiliwe, na vyama vya ushirika vya wakulima vina usajili wao. Kikundi kikimiliki namba ya malipo kwa jina lake, na kijana akajenga mfumo juu yake, pesa zinaingia kwa kikundi, wala hazipiti mfukoni mwa kijana. Kampuni za malipo zingeweza kusaidia kwa kuandaa utaratibu mwepesi kwa vikundi vya namna hiyo, wenye kikomo kidogo cha miamala kwa kuanzia.

Tahadhari ni lazima. Kilicho rahisi kuanzishwa ni rahisi pia kutelekezwa, na tapeli naye hutumia wepesi huohuo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili, aseme anazikusanya kwa nini, na azilinde.

Kwa hiyo, msikilizaji, kijana akileta mfumo kwenye kikao chenu, msimkatae kwa sababu ni mtoto wa jirani, wala msimkubali kwa sababu hiyo. Muulizeni: pesa zinaingia kwa jina la nani? Namba zetu za NIDA anazihitaji kwa kazi gani? Akipata kazi Dar es Salaam, kumbukumbu zetu tutazipataje? Na mwenye simu ya kitochi atashiriki vipi, kwa menyu ya nyota na reli au kwa ujumbe mfupi?

Akiwa na majibu, anzeni na kikundi kimoja, kwa miezi mitatu, huku daftari la karatasi likiendelea kuandikwa. Hesabu za pande mbili zikilingana kila mwezi, mtakuwa na sababu ya kuendelea. Zisipolingana, mtakuwa mmejifunza kwa gharama ndogo, na daftari lenu litakuwa salama.