Mkataba Usiwe Butura ya Lori

Kila msimu wa kahawa unapokaribia, wenye malori wa Mabira hukabiliwa na swali zito: watie sahihi mkataba wa kusomba kahawa ya vyama vya msingi kwa bei moja hadi mwisho wa msimu, au wabaki huru wakitafuta mzigo wa siku kwa siku? Swali hili si lao peke yao. Kahawa iliyolala ghalani kwa kukosa gari ni fedha ya mkulima iliyolala. Ndiyo maana tunaona yafaa kulijadili.

Tunaowazungumzia hapa si makampuni makubwa. Ni wananchi wenye lori moja moja, ambao aghalabu ndio madereva wenyewe, na wengi wao bado wanalipa deni la gari hilo.

Mzigo wa siku una mvuto wake. Mfanyabiashara wa ndizi au maharage hupatana bei papo hapo na kulipa taslimu. Mvua inapoharibu barabara za ndani na magari kuadimika, nauli hupanda. Lakini malori yakiwa mengi mambo hugeuka: dalali ndiye apangaye bei, na lori lililopeleka ndizi Mwanza huenda likarudi tupu. Lori lililosimama halina mapato, ilhali deni na bima havisimami.

Wahenga walisema, moja shika, si kumi nenda uje. Kwa usemi huo wengi huona mkataba ndiyo salama. Nasi tungekubali bila kusita, kama hiyo moja ingebaki kuwa moja hadi mwisho wa msimu. Kwa bahati mbaya haibaki. Bei ya kusomba gunia imefungwa, lakini bei kikomo ya dizeli hutangazwa upya na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, mafuta yalipanda hata Serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Nasi wa Kyerwa, tulio zaidi ya kilomita 1,300 kutoka bandari ya Dar es Salaam, hulipia pia safari ya mafuta hayo hadi kwetu.

Watu wa Kagera hawahitaji kuelezwa butura ni nini. Mkulima aliyebanwa na shida huuza kahawa ingali mtini kwa bei ya chini. Bei ikipanda, faida ni ya mnunuzi. Mwenye lori anayetia sahihi bei isiyosogea kwa miezi kadhaa, kwa kuwa anaogopa kukosa mzigo, amefanya vivyo hivyo. Ameuza safari zake zingali mtini. Si haki tukemee butura ya kahawa huku tukiikaribisha butura ya lori.

Hatusemi mikataba ikataliwe. Tunasema iandikwe vizuri. Kwanza, nauli ipande na kushuka kulingana na bei kikomo ya dizeli, ili hasara isimwangukie mmoja. Pili, tarehe ya malipo itajwe, kwani mafuta ya safari ya kesho hununuliwa kwa fedha taslimu. Tatu, idadi ya safari ijulikane, ili siku zilizobaki mwenye lori awe huru kubeba ndizi na maharage.

Masharti hayo hayatapatikana kwa mtu mmoja mmoja. Wakulima wa kahawa wa Bukoba walilitambua hilo walipounda ushirika wao, BNCU, mwaka 1950. Wenye malori wa Mabira nao waungane, wakakae mezani na viongozi wa vyama vya msingi kama kundi moja. Na kabla ya kwenda huko kila mmoja ajue gharama ya safari yake: dizeli, matairi, matengenezo na siku za kungoja. Mali bila daftari huisha bila habari.

Viongozi wa ushirika nao wasijisifu kwa kupata nauli ya chini kabisa. Nauli isiyotosha kununua mafuta humwondoa mwenye lori barabarani katikati ya msimu, na atakayelipa gharama ya kuchelewa huko ni mkulima yule yule waliyedhani wanamwokolea fedha.