Mkono wa Mtoto wa Kabazi Si Sadaka, Ni Haki

Hebu tuulizane: mtoto akisukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi darasani, halafu hana nguvu ya kuinua mkono ashike kalamu, huyo amesoma au amefikishwa tu?

Tumezoea picha. Mheshimiwa anagawa viti, kamera zinawaka, sisi huku tunapiga like. Sawa, kiti ni muhimu. Lakini kiti kinasaidia miguu. Mkono je?

Kuna kifaa cha kubeba mkono. Mkono unalazwa kuanzia kiwiko kwenye kibao chenye umbo la nusu bomba, kinafungwa kwenye meza au kiti, na springi au mipira inabeba uzito. Ile nguvu kidogo iliyobaki, mtoto anaitumia kuandika, kufungua kitabu na kujilisha mwenyewe. Si jambo geni: Wamarekani waliopoozwa na polio walivitumia karne iliyopita. Havimfai kila mtoto, ndiyo maana lazima mtaalamu ampime kwanza.

Utasikia, "Si ana mwenzake wa kumwandikia?" Leo yupo. Kesho je? Na wewe ungekubali kila neno lako lipitie mkono wa mtu mwingine?

Sasa soma Katiba ya 2010, Kifungu cha 54(1)(e). Mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Habari ya kutekeleza hatua kwa hatua iko 54(2), kwenye ile asilimia 5 ya nafasi za uongozi. Kwenye vifaa haipo. Kwa hivyo usiambiwe "subirini".

Wala usikubali kurushwa kama mpira. Hospitali ya kaunti, na wataalamu wake, iko chini ya Nakuru. Shule ya msingi iko chini ya serikali kuu. Mtoto ni mmoja, na wote wawili wanamdai jibu.

Unamjua mtoto kama huyu Kabazi? Saidia wazazi wampeleke akapimwe, wamsajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Andikeni barua, mweke tarehe, mbaki na nakala. Kikao cha bajeti ya kaunti kikifika Subukia, nenda. Usiseme "tusaidieni walemavu". Taja kifaa, taja kifungu, uliza ni lini.

Kuomba tumeomba vya kutosha. Sasa tudai.