Tunong'oneze, Mama
Katika kambi moja ya shule, saa saba usiku, tulimkuta mtoto wa miaka 6 ameketi hemani macho kodo. Tangu jioni alikuwa amekataa uji na hata maji.

"Mama amenikataza kukojoa kitandani," alisema.

Katika umri huo, mara nyingi kukojoa kitandani si ugonjwa wala utundu. Usingizi ni mzito na kibofu bado hakijakomaa. Tungejua mapema, tungemtandikia nailoni na kumwamsha aende msalani.

Tulimnywesha maji, tukamlaza karibu nasi. Alfajiri tulifua shuka lake kabla wenzake hawajaamka.

Mama, unapomfungia mwanao begi la kambi, usione haya. Njoo utunong'oneze. Siri hiyo tutaitunza.